Fundi Anayepima Watu Wakiwa Wamelala

"Hivi fundi, hao wateja wako huwa wanarudi, au wakishachukua nguo ndiyo basi tena?"

Aliyeuliza ni mpiga pasi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, na aliuliza kwa sauti ya kufika mpaka duka la vitambaa ili watu wacheke. Watu wakacheka. Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chumba cha mafundi, anakata uzi kwa meno. Hakuinua hata kichwa.

"Wanarudi," akasema. "Wewe ndiye hujarudi kuchukua suruali yako tangu mwaka juzi. Au kiuno kimekukimbia?"

Safari hii wakacheka zaidi, na mpiga pasi akarudi kupepea mkaa wake.

Nimeanza na swali hilo kwa sababu kila mtu mtaani alikuwa nalo kwa wakati ule, wengine kwa utani na wengine kwa hofu. Hata mimi, Mungu anisamehe, nililala nalo siku nyingi. Wifi yangu alikuwa amejichagulia kazi ambayo watu hawakutaka hata kuitazama, na alikuwa ameapa kwamba kazi hiyo hiyo ndiyo itakayotulisha.

Yeye ni mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alipotutoka, wengi walitegemea mjane atafunga mizigo arudi kwao. Ndugu zake walikuja na gari kabisa. Akawapikia chai, wakanywa, kisha akawaambia, "Mtu hahami kwa mama yake." Mama aliyemsema ni mama yangu mzazi, yaani mkwe wake. Basi tukabaki wanawake watatu katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, nyuma ya kituo cha mafuta: mama, mimi, na yeye na cherehani yake ya kukanyaga.

Kazi aliifanyia kwenye chumba kirefu kilichotazama barabara, cha kupanda ngazi tatu. Mafundi walikuwa saba, wote wanawake, cherehani zimepangwa ukutani kama madawati. Mkataba wa chumba ulikuwa wa fundi mkubwa wao, ambaye mji mzima unamwita Mama Harusi, kwa sababu yeye hushona magauni ya maharusi tu. Cherehani yake ilikaa dirishani, na kando yake sanamu ya plastiki isiyo na kichwa, imevaa gauni jeupe lenye mkia wa kufagia sakafu. Mama Harusi si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ni mtu wa taratibu zake.

Wale sita wengine, wifi akiwemo, walikuwa wanashona sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa, chumba kinawaka moto, hakuna anayekula mchana. Shule zikishafunguliwa, basi. Wanakaa wanasukana nywele. Na hata hiyo miezi ya kazi walikuwa wanauana kwa bei: huyu akisema kaptula kwa kiasi hiki, wa pembeni anapunguza kabla mteja hajafika ngazi ya mwisho.

Wifi yangu alichoka. Akajaribu mifuko ya sokoni yenye bitana ndani. Baada ya wiki moja mafundi wote wana mifuko yenye bitana. Akajaribu aproni za wenye mabucha, zikaigwa. Akajaribu mito ya watoto. Hiyo haikufika hata Ijumaa.

"Ukishona kitu kizuri mbele ya mafundi sita," alikuwa akiniambia, "umefungua shule, na ada hulipwi."

"Sasa utafanyaje, wifi?"

"Nataka kazi ambayo mtu akiiona, haiigi."

"Kazi gani hiyo isiyoigwa?"

"Ningekuwa naijua ningekuwa hapa nakumenyea viazi?"

Mwaka huo mama akapata kiharusi, akalazwa hospitali. Upande wa kulia ukalala: mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Mungu alimwachia akili yake, na ulimi wa kutosha kutugombeza.

Kumvalisha kukawa vita. Ule mkono mzito hauingii kwenye nguo; ukiuvuta anaumia, ukiuacha anabaki nusu uchi. Muuguzi wa wodini akatufundisha njia wanayoitumia wote, nayo ni mkasi. Unaichana nguo mgongoni kuanzia shingoni mpaka chini, unamvika kwa mbele, ncha unazichomeka ubavuni. Basi tuliporudi nyumbani nikafanya hivyo. Asubuhi moja nikalichana gauni lake la zambarau, lile la kuendea ibada.

Wifi aliporudi jioni aliliona, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Nani kakata gauni hili?"

"Mimi."

"Kwa mkasi gani?"

"Wa jikoni. Wa samaki."

"Wifi! Wa samaki?"

Akapiga magoti kando ya kitanda, akashika ule ukingo uliochanika, akautazama kama mtu anayetazama jeraha. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia.

"Mwambie," mama akasema kwa ule mdomo wake wa upande. "Ananivalisha kama kuku aliyenyonyolewa."

Wifi hakucheka. Akaniuliza, "Wodini mlikuwa wagonjwa wangapi?"

"Arobaini. Hamsini."

"Na wote wamechaniwa nguo?"

"Karibu wote. Wengine wanafungwa shuka tu."

"Nani anawashonea?"

"Nani amshonee mgonjwa, wifi? Mgonjwa anavaa kilichopo."

"Ndiyo maana nauliza," akasema.

Basi akaanza. Magauni ya kwanza alishona kumi, ya kike na ya kiume, yamefunguka mgongoni toka juu mpaka chini, na kila moja likafungwa kwa vifungo kumi na viwili. Na vifungo ndiyo sifa yake. Alichukua kitambaa cha nguo yenyewe, akakivisha kifungo mpaka kikawa kama punje ya njegere, na vyote akavipanga mstari mmoja ulionyooka. Wenzake walikuwa wakimwita Mama Vifungo. Alikwenda langoni mwa hospitali saa ya kutazama wagonjwa, akauza manne siku ya kwanza. Alirudi nyumbani anaimba tenzi.

Furaha ile ilidumu siku tano. Siku ya sita binti mmoja, aliyekuwa ameleta vipimo akashonewa gauni la baba yake, akapanda zile ngazi tatu bila kubisha hodi. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mstaafu, amelala kwa kiharusi mwaka wa pili. Nusu ya watu wa mtaa wetu walijifunza kugawanya kwa fimbo yake. Yule binti akalitupa gauni juu ya cherehani, akatoa simu, akaonyesha picha ya mgongo.

"Hesabu," akasema.

"Nihesabu nini, mdogo wangu?"

"Alama. Ziko kumi na mbili, sawasawa na vifungo vyako. Hii ya saba imeshakuwa kidonda."

Wifi aliishika ile simu kwa mikono miwili, na mimi niliyekuwa nimempelekea chakula niliona masikio yake yanabadilika rangi. Baadaye aliniambia, "Miaka ishirini na miwili nimeshona migongo ya kutazamwa na watu. Sikuwahi kuufikiria mgongo unaolaliwa."

Mama Harusi akasema kutoka dirishani, kwa upole tu, "Rudi kwenye kaptula, mwanangu. Kaptula haina kesi."

Ningekuwa mimi ningerudi. Wifi akamwambia yule binti, "Nipeleke kwa baba."

"Ili iweje?"

"Nikampime."

"Vipimo si nilikuletea?"

"Uliniletea vipimo vya shati lake la zamani. Mwenye shati lile alikuwa anasimama. Mimi nataka kumpima aliyelala."

Tulikwenda siku ile ile, mimi nimebeba mkoba. Mwalimu alikuwa kwenye chumba cha nyuma, dirisha dogo, redio inaongea peke yake. Wifi alimwamkia shikamoo, akamwomba radhi kwa kile kidonda, ndipo akatoa futi yake ya kupimia. Nilikuwa sijawahi kuona kazi ya namna ile. Alipima upana wa tumbo, maana tumbo la aliyelala husambaa pembeni. Alipima mkono ukiwa umekunjwa, kwa kuwa ule mkono haunyooki tena. Alipitisha vidole chini ya shingo, kuona kola itagusa wapi kwenye mto. Kila kitu alikitamka polepole nami nikaandika kwenye karatasi.

Ndipo akaingia mtoto wa kiume wa Mwalimu, mtu mzima mwenye ndevu, anatoka kazini. Akaona futi imelazwa toka shingoni kwa baba yake mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Nyie! Mnamfanya nini baba?"

"Anapimwa nguo," dada yake akasema.

"Nguo gani mtu anapimwa amelala? Anayepimwa amelala ni maiti! Huyu mama anapima sanda hapa, na wewe umesimama unatazama?" Akamgeukia wifi. "Kunja hicho kikamba chako utoke."

Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Sioni haya kusema. Wifi aliacha futi pale pale ilipo, akaweka kiganja juu yake.

"Hapa nimekuja kwa baba, mwanangu. Baba akisema nitoke, nitatoka."

"Baba hawezi kusema!"

"Basi tumngoje."

Tukangoja. Redio ilikuwa inatangaza bei za mazao. Mdomo wa Mwalimu ulianza kutafuta neno, ukalikosa, ukalitafuta tena, na mate yakamtoka pembeni. Mtoto wake akataka kuyafuta, mzee akageuza uso.

"Pi... ma," akasema.

"Baba, huyu—"

"Pima!"

Ilikuwa ile sauti ya darasani. Kijana wa watu akarudi nyuma hatua mbili. Kisha Mwalimu akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akajipigapiga kifuani. Tukashtuka.

"Moyo, baba? Unauma?"

Akatikisa kichwa kwa hasira, kama amepata darasa la wajinga. Akajipiga tena pale pale. Binti yake akafikiri, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Mfuko! Baba hajawahi kuvaa shati lisilo na mfuko. Kalamu zake anaweka wapi?"

Wifi akainama karibu naye. "Mmoja au miwili, Mwalimu?"

Akainua kidole kimoja. Akafikiri. Akainua cha pili.

Njiani nilikuwa bado nageuka nyuma kuona kama tunafuatwa, lakini mwenzangu alikuwa anatembea kama mtu aliyeokota kitu.

"Umemwona yule kijana alivyoruka?"

"Nimemwona. Na mimi nusura niruke naye."

"Na Mama Harusi angeruka. Mafundi wote wa mji huu wangeruka, wifi. Hakuna atakayethubutu kuingia chumba cha nyuma cha mtu na kumlazia futi." Akasimama katikati ya barabara mpaka pikipiki ikampigia honi. "Nimehangaika na mifuko na mito kumbe kazi isiyoigwa ndiyo hii. Wacha waogope. Woga wao ndio uzio wangu."

"Na wewe huogopi?"

"Nimemvalisha mume wangu nguo ya mwisho kwa mikono hii. Nimuogope aliye hai anayetaka mifuko miwili?"

Sasa ilibaki kuijua nguo yenyewe. Nyumbani hakuna nafasi, hivyo siku iliyofuata, mchana mafundi wakiwa wametulia, akatandika mkeka katikati ya chumba chao, akalala chali, akafumba macho.

"Nivalishe. Huu mkono wa kulia umekufa. Na sikusaidii hata kidogo."

Tulifanya hivyo mara tisa au kumi. Tukajua kwamba lazima uanze na mkono mgonjwa, mzima ufuate. Na kuvua ni kinyume chake. Tukajua kwamba nguo ya nyuma ikifika chini ya kiuno inajikunja na kumchoma mtu. Basi akaamua: nyuma vipande viwili vipana vinavyopishana bila kushikizwa na chochote, viishie kiunoni, na kufunga kuwe kwa kamba laini ubavuni, mahali ambapo mtu halalii. Halafu akafanya jambo lililowafanya mafundi wenzake washike mbavu. Mishono yote aliitoa nje, ngozi iguswe na upande laini tu, kisha akaifunika kwa utepe wa rangi ili iwe kama pambo.

"Jamani, Mama Vifungo amechanganyikiwa, anashona ndani nje!"

"Vifungo vyenyewe kaviacha!"

"Tumwite sasa Mama Sanda."

Jina likamganda kuanzia siku ile. Yeye akaitika tu, "Abee," akaendelea kukanyaga cherehani.

Mkosi ukaja tukiwa kwenye mazoezi yale yale. Wifi kalala mkekani, macho kafumba, mimi nimeinama na futi, mara mlangoni wamesimama wanawake wanne: biharusi mtarajiwa, mama yake, na shangazi zake wawili, wamekuja kwa Mama Harusi. Yule shangazi mkubwa akashika kifua.

"Kuna msiba humu?"

Wifi akasema pale pale chini, bila kufumbua macho, "Bado, shangazi. Karibuni."

Mafundi wakapasuka kwa kicheko. Shangazi hakucheka. Akamshika biharusi mkono, wakashuka ngazi, na gauni lile lenye mkia mrefu likaenda kushonwa kwingine.

Mama Harusi alisubiri mpaka jioni. Kisha akamwita wifi dirishani, na sote tukasikia.

"Nimekuvumilia, mwanangu. Lakini mimi nauza furaha. Mtu hawezi kuja kuchagua gauni la ndoa akamkuta mwenzie anapimwa sakafuni kama marehemu. Mwezi ukiisha, uwe umerudi kwenye kaptula, au cherehani yako ishuke ngazi."

Pango la nyumba yetu, dawa za mama, chakula chetu, vyote vilitoka kwenye cherehani ile. Na mahali pengine pa kukaa mtaa ule, penye watu wanaopita, hapakuwepo. Nilimsihi ashone kaptula za watu, hayo mengine afanye jioni nyumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, kisha akaenda kumpelekea Mwalimu shati lake.

Nilikuwepo alipovalishwa. Lilikuwa la samawati, kola imesimama, utepe wa bluu iliyokolea kwenye mishono, mifuko miwili. Binti yake alimaliza kumvika kabla chai haijapoa. Mwalimu akatia kalamu mfukoni mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Yule kijana mwenye ndevu akatoka nje, tukamsikia anapenga kamasi.

Wiki iliyofuata Mwalimu alipelekwa kliniki na shati hilo. Muuguzi mkuu wa wodi akalishika, akalipindua, akauliza limetoka wapi. Siku ya pili yake akaja mwenyewe, na viatu vyake vyeupe, akapanda ngazi akaagiza ishirini na nne. Chumba kizima kilimtazama. Mpiga pasi naye akavuka barabara kuja kuona vizuri.

Ndipo nilipomkosea wifi yangu. Niliposikia bei aliyomtajia muuguzi, moyo ulinisuta. Nilingoja mpaka tumefika nyumbani, nikamwambia, "Wifi, hawa ni wagonjwa. Mungu amewaweka mbele yako uwahurumie. Huoni haya kupata faida kwao?"

Aliweka chini kikombe.

"Daktari analipwa?"

"Analipwa."

"Muuza dawa?"

"Ndiyo, lakini—"

"Mchonga jeneza, analipwa au anatoa sadaka? Kumbe mgonjwa akila dawa analipa, akifa analipa, ila katikati hapo akitaka kuvaa kama mtu, fundi afe njaa?" Sauti haikupanda, aliongea kama anayefundisha mtoto kutunga uzi. "Kitu cha bure kinashonwa mara moja, wifi. Nikitoa bure nitatoa ishirini, nitafilisika, na wa ishirini na moja atarudi kwenye mkasi wa samaki. Nikipata faida nitakuwepo na mwakani."

Mama akasema kitandani, "Na mimi yangu nalipa." Alikuwa hana hata senti, lakini alisema hivyo, na aliagiza la zambarau.

Nilisali sana baada ya hapo, nikaona nilikuwa nimeuita woga wangu huruma.

Mama Harusi ana macho, na ile oda aliiona. Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi akaja na sura nyingine. Akamkalisha wifi kwenye stuli, akamwita "mdogo wangu" badala ya "mwanangu".

"Nimefikiri. Ubaki. Nitakukatia kona ya nyuma, nitaweka pazia zito. Wewe shona yako huko ndani, wateja wako wapitie uani, na kupima ukapimie kwao. Pango litakuwa lile lile."

Mafundi wote walifurahi, na mimi nikashukuru kimoyomoyo. Wifi akauliza, "Pazia la nini, mama?"

"Maharusi wasione."

"Wasione nini?"

"Si unajua mwenyewe. Wasione hayo."

Wifi akasimama, akajifunga kitambaa chake kichwani upya.

"Mama, nakuheshimu. Ulinipa nafasi nilipofiwa, sitasahau. Lakini wateja wangu wamefichwa vya kutosha. Wamefichwa vyumba vya nyuma, wageni wakija wanafungiwa mlango. Mimi siwezi kuwafichia hata nguo."

"Utakosa mahali."

"Nitakosa."

Alishuka siku ile ile, saa sita mchana, jua liko utosini. Kichwa cha cherehani alikibeba mwenyewe kichwani, miguu ya chuma ikaja na mkokoteni. Mafundi sita walisimama kwenye ngazi. Mmoja akasema, "Kwaheri, Mama Sanda," lakini kicheko hakikuja.

Mwisho wa mtaa kulikuwa na stoo ya saruji iliyofungwa. Hakuna aliyeitaka, maana kuta zilikuwa za kijivu na ukipiga chafya unatoka vumbi. Lakini milango yake ni miwili mipana, ya kupitisha mkokoteni, na sakafu iko sawa na barabara, haina hata ngazi moja. Wifi aliilipia pango zaidi ya mara mbili ya lile la zamani, kwa pesa ya muuguzi. Tuliisugua siku nne. Kucha zetu zilikaa kijivu mwezi mzima.

Oda ya hospitali ikaisha, na baada yake wiki mbili hakuja mtu. Waliopita waliuliza kama saruji bado ipo. Katika wiki hizo kikundi chetu cha wanawake cha kuombeana, kinachokutana Alhamisi, kikamweka wifi kwenye orodha ya wenye shida, chini ya wagonjwa na wafiwa. Mimi ndiye niliyepeleka jina lake. Nilikuwa nimekata tamaa.

Yeye alifanya jambo la kunivunja miguu. Alitoa kitanda chake mwenyewe nyumbani, cha chuma, akakiweka mlangoni mwa stoo, kinatazama barabara, godoro juu yake na shuka safi. Juu ya shuka akalilaza shati la kiume limefungwa kamba, mikono imetandazwa, kalamu mfukoni.

"Kitanda barabarani!" watu wakasema. "Mama Sanda sasa amezidi!"

Mpiga pasi alikuja mbio. "Fundi, kitoe hicho, unatutisha."

"Wewe ukilala unaning'inia ukutani?"

"Hapana, lakini—"

"Basi kalale, ukiamka utakuwa umezoea."

Wakaogopa, wakasimulia, na kila aliyesimulia alimpata mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Jumatatu akaja mama mmoja anamsukuma mume wake kwenye kiti cha magurudumu. Waliingia moja kwa moja mpaka kwenye cherehani. Yule mume akatazama nyuma, akatazama mlango, akasema, "Miaka sita nikiingia dukani huwa nabebwa." Aliagiza suruali tatu zisizomkaba akikaa. Jumanne wakaja wawili. Ijumaa muuguzi mkuu akarudi, na wa hospitali nyingine ameongozana naye. Kufikia mwisho wa mwezi, wifi alikuwa amemchukua mmoja wa wale mafundi sita amsaidie mifuko, yule yule wa "ndani nje". Kushona anashona, ila kwenda kupima bado hawezi; anasema miguu inamfa ganzi akifika mlangoni. Wifi anamwambia asijali, hiyo kazi ataifanya mwenyewe.

Alhamisi moja akasema leo anakuja nami kwenye kikundi. Tulikuwa wanawake kama thelathini, tumekaa kwenye mabenchi, mikoba miguuni. Kiongozi wetu akafungua daftari, akasoma wagonjwa, akasoma wafiwa, kisha akashusha sauti kama anavyofanya akisoma wenye shida.

"Na dada yetu mjane, aliyefukuzwa kazini kwake, Mungu amfungulie mlango."

Tulikuwa tunainamisha vichwa. Wifi akasimama. Nikamvuta nguo akae, hakukaa.

"Samahani, mama kiongozi. Sikufukuzwa, nilishuka mwenyewe. Na mlango ninao, tena miwili mipana." Wengine wakaanza kutabasamu. Yeye hakutabasamu. Alitazama benchi baada ya benchi, na mimi niliyeishi naye miaka yote hiyo nikajua anahesabu nani ana mtu chumba cha nyuma.

"Nina ombi moja," akasema. "Jina langu liondoeni kwenye orodha ya wenye shida. Na kila mwenye mgonjwa aliyelala nyumbani anyooshe mkono sasa hivi, anipe siku ya kuja kumpima."